Kuamka si Kumakinika: Neva za Uso na Suala la Makini

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, hawakunena kwamba kila wingu ni mvua, na mkulima aliyewahi kupanda kwa kulitazama wingu peke yake anaijua hasara iliyomfika. Hekima hii inafaa kukumbukwa wakati huu ambapo taarifa kuhusu ubongo wa binadamu zinazidi kuwafikia wasomaji wa Kiswahili kupitia magazeti, redio na mitandao. Miongoni mwa taarifa hizo ni ile inayodai kwamba neva za uso zikichochewa kwa umeme hafifu, kwa kutafuna au kwa maji baridi, basi ubongo huchangamka na mtu hupata makini.

Dai hili lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, kwamba ubongo huchangamka, ina ushahidi uliokusanywa kwa miongo mingi. Sehemu ya pili, kwamba mtu hupata makini, imejengwa juu ya msingi dhaifu, na jaribio kubwa la hivi karibuni limezidi kuitikisa. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu hizi mbili hazifai kuchanganywa, kwamba Kiswahili kina maneno yanayotosha kuzitenganisha, na kwamba zinapochanganywa anayeumia ni mtoto aliye darasani pamoja na mzazi wake anayemtafutia msaada.

Neva Mbili za Uso

Kabla ya kutoa hukumu, ni muhimu kueleza jambo lenyewe. Binadamu ana jozi 12 za neva zinazotoka moja kwa moja kichwani bila kupitia uti wa mgongo. Jozi mbili kati ya hizo ndizo zinazohusika zaidi na uso, nazo zina kazi tofauti. Neva ya saba huendesha misuli ya uso. Mtu akikunja uso, akikunjua uso, akitabasamu au akifumba macho, amri imepitia kwayo. Neva ya tano, kwa upande wake, ndiyo inayohisi. Hugawika katika matawi matatu: la kwanza huenea kwenye kipaji na jicho, la pili kwenye shavu, pua na mdomo wa juu, na la tatu kwenye taya na mdomo wa chini. Tawi hili la tatu ndilo pia linaloendesha misuli ya kutafuna.

Ushirikiano wa neva hizi mbili unaweza kuonekana jikoni kila siku. Mpishi anapokata kitunguu, mvuke wake huyawasha macho. Neva ya tano hupeleka habari ya mwasho huo ubongoni, na jibu hurudi kwa nyuzi zinazoanza safari yake pamoja na neva ya saba, zikaiamuru tezi imwage machozi. Pilipili kadhalika haina ladha kwa maana ile ya chumvi na sukari. Ukali wake ni mwasho unaochukuliwa na neva ya tano kutoka ulimini na midomoni. Ni kwa kukichunguza kiini cha ukali huo wa pilipili ambapo Mmarekani David Julius alikigundua kipokezi cha joto katika neva, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka wa 2021 pamoja na mwenzake Ardem Patapoutian. Mzee anayenusa ugoro akapiga chafya na kufumbua macho kwa nguvu ameitumia neva iyo hiyo ya tano, ingawa tumbaku yenyewe ina kemikali yake inayoufikia ubongo kwa njia nyingine.

Kwa hivyo, wazo kwamba uso ni mlango wa kuuamsha ubongo si geni wala si la kubezwa. Mwanafunzi anayenawa uso kwa maji baridi usiku wa manane ili aendelee kusoma analitekeleza bila kulijua jina lake. Swali ni je, mlango huo ukibishwa, ni nani anayeamka ndani ya nyumba, na akiamka hufanya nini?

Safari ya Kutoka Usoni hadi Ubongoni

Historia ya jambo hili inaanzia kwa paka. Mnamo mwaka wa 1935, mwanasayansi wa Ubelgiji, Frédéric Bremer, alifanya jaribio lililoshangaza wengi. Alipoukata mfumo wa neva wa paka mahali ambapo ubongo unapakana na uti wa mgongo, mawimbi ya ubongo wake yaliendelea kuonyesha vipindi vya kuwa macho na vya kulala. Alipokata juu zaidi, katika sehemu ya juu ya shina la ubongo, mawimbi yakawa ya usingizi tu. Tofauti baina ya mikato hiyo miwili ni kwamba katika ule wa kwanza, paka alikuwa bado ameunganishwa na hisi za uso wake, ilhali katika ule wa pili neva ya tano ilikuwa imetengwa na ubongo wa juu.

Miaka 14 baadaye, yaani mwaka wa 1949, Giuseppe Moruzzi wa Italia na Horace Magoun wa Marekani walionyesha kwamba ndani ya shina la ubongo mna eneo lililosukika kama wavu, ambalo likichochewa kwa umeme hugeuza mawimbi ya usingizi yakawa ya kuwa macho. Tangu hapo ilifahamika kwamba kuwa macho si suala la hisi kumiminika ubongoni tu, bali kuna mtambo maalumu wa kuuamsha ubongo. Mnamo mwaka wa 1956, watafiti watatu, Roger, Rossi na Zirondoli, waliirudia hoja ya uso. Waliviharibu vifundo vya neva ya tano katika paka wa aina ile ya kwanza ya Bremer, na mawimbi ya paka hao yakaegemea usingizini. Ikabainika kwamba miongoni mwa hisi zote zinazoulisha mtambo huo wa kuamsha, zile za uso zina uzito wa pekee.

Njia yenyewe leo inaeleweka vyema zaidi. Habari kutoka usoni huingia katika shina la ubongo na kuufikia wavu uliotajwa. Hufika pia kwenye kituo kidogo sana ambacho jina lake la Kilatini lina maana ya mahali pa samawati. Kituo hicho, licha ya udogo wake, hutandaza nyuzi karibu katika ubongo wote na kumwaga kemikali iitwayo noradrenalini, ambayo huuweka ubongo tayari kupokea na kutenda. Kufikia hapa, hapana mgogoro. Anayesema kwamba kuchochea neva za uso hubadilisha shughuli za ubongo amesema kweli.

Hata hivyo, ikumbukwe kwamba neva hii si swichi ya taa yenye kazi ya kuwasha tu. Uso ukitumbukizwa katika maji baridi huku pumzi imezuiwa, habari inayochukuliwa na neva ya tano huufanya moyo upunguze mapigo, kama inavyotokea kwa wanyama wanaopiga mbizi. Neva iyo hiyo inayoamsha ndiyo inayoweza kutuliza, kutegemea ni kitu gani kimeigusa, kwa nguvu gani na katika hali gani.

Kifaa cha Kipajini

Kutokana na maarifa hayo, ilikuwa ni suala la muda tu kabla ya mtu kujaribu kuigeuza neva ya tano iwe njia ya tiba. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, watafiti walianza kuichunguza kama tiba ya kifafa mwanzoni mwa karne hii. Kwingineko, kifaa kiitwacho Cefaly, kinachovaliwa kipajini na kuchochea tawi la kwanza la neva hiyo, kiliruhusiwa nchini Marekani mwaka wa 2014 kwa minajili ya kuzuia kipandauso. Inafaa kutaja kwamba neno kipandauso lenyewe limeutaja uso katika maradhi ya kichwa. Wazungumzaji wa Kiswahili waliuona uhusiano huo kabla ya kifaa chochote kuundwa.

Hatua iliyozua matumaini makubwa zaidi ilihusu watoto. Kuna hali ya ubongo inayojitokeza utotoni, ambayo kwa Kiingereza hufupishwa kama ADHD, na ambayo humfanya mtoto ashindwe kutulia katika jambo moja, asahau maagizo, akatize mazungumzo au asiweze kukaa kitini. Mwaka wa 2019, kundi la watafiti katika chuo kikuu kilekile cha Los Angeles, likiongozwa na daktari James McGough, lilichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watoto 62 wenye umri wa miaka 8 hadi 12. Kila usiku kwa wiki nne, mtoto alibandikwa kipande chenye elektrodi kipajini, kikaunganishwa na kifaa kidogo cha betri. Nusu ya watoto walipata umeme hafifu usingizini, na wengine walibandikwa bila kupata umeme. Waliopata umeme walionyesha nafuu kubwa zaidi. Fauka ya hayo, mawimbi ya ubongo wao, hasa sehemu za mbele, yalibadilika. Mwaka uo huo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu kifaa hicho, kinachoitwa Monarch, kiuzwe kwa agizo la daktari kwa watoto wenye umri wa miaka 7 hadi 12 ambao hawatumii dawa za hali hiyo.

Ni rahisi kuelewa furaha ya wazazi. Hatimaye ilipatikana tiba isiyo kidonge, isiyouma, na inayofanya kazi mtoto akiwa amelala. Lakini watoto 62 ni wachache, na wiki nne si nyingi. Isitoshe, mtoto anayepata umeme anaweza kuhisi mtekenyo kipajini, ilhali asiyepata hahisi kitu. Yamkini baadhi ya familia zilikisia ni kundi lipi walilotiwa, na matumaini ya mzazi yana nguvu ya kuyabadilisha majibu yake anapoulizwa kuhusu tabia ya mwanawe.

Ndiyo maana jaribio jingine lilihitajika. Lilifanywa nchini Uingereza likiongozwa na Profesa Katya Rubia wa King's College London, na liliwahusisha watoto na vijana 150 wenye umri wa miaka 8 hadi 18. Safari hii, kundi la ulinganishi nalo lilipewa kichocheo hafifu mno cha muda mfupi, ili isiwe rahisi kwa yeyote kukisia. Matokeo yalipochapishwa mwaka wa 2026, hapakuwa na tofauti ya maana baina ya makundi hayo mawili. Kifaa hakikuleta madhara makubwa, lakini wala hakikupunguza dalili za hali hiyo kuliko kichocheo cha bandia.

Wapo watakaosema kwamba jaribio moja halitoshi kuifuta njia nzima ya tiba, na hoja yao ina mashiko. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Huenda nguvu ya umeme, muda wa kuutumia au umri wa mtumiaji vikibadilishwa, matokeo yatakuwa mengine. Hata hivyo, mzigo wa uthibitisho umo mabegani mwa anayedai kwamba kifaa kinatibu. Mpaka atakapoutua mzigo huo, mzazi hapaswi kuambiwa zaidi ya yale yanayojulikana.

Macho na Makini

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Je, iliwezekanaje mawimbi ya ubongo yabadilike katika jaribio la kwanza, na bado makini isithibitike katika la pili? Jibu mojawapo ni kwamba mambo haya mawili hayakuwahi kuwa kitu kimoja. Mawimbi yaliyobadilika ni wingu, na makini ni mvua.

Kiswahili kimelitambua jambo hili katika msamiati wake. Mtu asiyelala husemwa kuwa yuko macho. Akiwa na wepesi wa mwili na akili husemwa kuwa amechangamka. Akiwa anasikiliza kwa bidii, ametega sikio. Lakini neno makini ni la daraja nyingine. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi unaohusishwa na uthabiti na kukita mahali, na katika Kiswahili lilibeba tangu zamani maana ya utulivu na mwenendo wa mtu asiyepapatika. Mtu makini hajaamka tu, bali ametua. Amelichagua jambo moja na kuyaacha mengine yapite. Mlinzi aliyeshtuliwa na kishindo usiku yuko macho kabisa, moyo unamdunda na macho yamemtoka, lakini hawezi katika hali hiyo kukaa na kufumbua fumbo la shairi. Ameamka, ila hajamakinika.

Bila shaka maana ya neno si ushahidi wa kisayansi, na itakuwa kosa kudai kwamba lugha imethibitisha kile ambacho maabara haijakithibitisha. Hata hivyo, tofauti hii ya maneno inapatana na matokeo ya maabara zenyewe. Mwaka wa 1908, Wamarekani Robert Yerkes na John Dodson waliwafunza panya kuchagua baina ya njia mbili kwa kuwashtua kwa umeme kila walipokosea. Kazi ilipokuwa rahisi, mshtuko mkali uliharakisha kujifunza. Kazi ilipokuwa ngumu, mshtuko wa wastani ndio uliofaa, na ule mkali ukawakwamisha. Takriban karne moja baadaye, mwaka wa 2005, Gary Aston-Jones na Jonathan Cohen walieleza kwamba kile kituo cha samawati kina namna mbili za kufanya kazi. Kikiwa katika kiwango cha wastani, huitikia kwa mlipuko mfupi jambo muhimu linapotokea, na hapo mnyama huikamilisha kazi yake vizuri. Kikipandishwa mno, hutoa kemikali mfululizo, na mnyama huanza kutangatanga kutoka jambo moja hadi jingine. Yaani, ubongo ukiamshwa kupita kiasi, makini hupotea.

Mfano mwingine ni dawa zinazotumiwa na madaktari kwa watoto wenye hali iliyotajwa, kama vile methilifenidati. Dawa hizi zimo katika kundi la vichangamshi, lakini zikitolewa kwa kipimo kinachofaa, mtoto hutulia. Asiyetofautisha baina ya kuamsha na kumakinisha ataona hapa kinyume cha mambo. Anayetofautisha ataelewa kwamba kinachotafutwa ni kuifikisha sehemu ya mbele ya ubongo katika kiwango ambapo inaweza kuchagua na kuzuia, na si kuichangamsha kwa ajili ya kuichangamsha.

Ni kwa mizani hiyo ambapo madai mengine yanayozunguka katika vyuo yanafaa kupimwa. Imewahi kudaiwa kwamba kutafuna chingamu darasani huongeza makini kwa sababu ya neva ya tano. Tafiti nyingi zimefanywa, nazo zinaafikiana zaidi kuhusu mtu kujihisi mchangamfu kuliko zinavyoafikiana kuhusu kukumbuka au kuelewa. Naye mwanafunzi anayekesha akitafuna miraa usiku wa kuamkia mtihani asidanganyike kwamba taya ndizo zinazomsaidia. Kinachomkesha ni kathinoni, kemikali ya mmea huo iliyo karibu sana na amfetamini. Nayo humweka macho, lakini kukesha si kuelewa.

Mtoto Aliye Darasani

Mtu anaweza kuuliza kama ubishi huu wote una maana kwa shule ya Kenya ambako kifaa cha Monarch hakijaonekana. Una maana kubwa, kwa sababu dhana potovu iliyo nyuma ya dai la kifaa ndiyo dhana potovu iliyo nyuma ya kofi.

Kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyesinzia au aliyeangalia nje ya dirisha alirejeshwa kwa kofi la shavu. Kofi hilo huichochea neva ya tano kwa nguvu isiyo kifani. Mtoto hufumbua macho na kuketi wima, na mwalimu huridhika kwamba mwanafunzi sasa yuko makini. Kumbe mwanafunzi yuko macho tu. Mawazo yake yamo shavuni mwake na mkononi mwa mwalimu, wala hayamo ubaoni. Kenya iliharamisha adhabu ya viboko shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kimwili na kiakili. Lakini sheria huuzuia mkono, haibadilishi fikra. Maadamu kuamka kunahesabiwa kuwa ndiko kumakinika, kofi litatafutiwa badala yake, iwe ni kelele, aibu mbele ya wenzake, au siku moja kifaa cha umeme kilichonunuliwa kwa matangazo.

Mtoto mwenye hali ya kukosa makini ndiye anayeathirika zaidi. Huyu mara nyingi hukosi kuamka, kwani yuko macho kuliko wenzake wote. Anausikia mlango, ndege aliye juu ya paa na kalamu iliyoanguka safu ya nyuma. Anachokosa ni uwezo wa kutua. Kumshtua ni kumwongezea kile alicho nacho tele na kumnyima kile anachokihitaji. Mambo yanayopendekezwa na wataalamu ni ya kawaida na hayahitaji umeme: aketishwe karibu na mwalimu na mbali na dirisha, kazi ndefu igawanywe iwe mafungu mafupi, agizo litolewe moja baada ya jingine, apewe nafasi ya kuinuka na kunyoosha viungo, asifiwe mara anapofaulu. Pale ambapo haya hayatoshi, daktari ahusishwe. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, na mbacha huu wa malezi na mafunzo ya uvumilivu haufai kutupwa kwa sababu ya msala mpya unaopita ukimetameta.

Wajibu wa Wasomi wa Kiswahili

Habari za sayansi huwafikia Wakenya wengi kwa tafsiri, na tafsiri hufanywa na watu waliopitia katika idara za Kiswahili. Kwa hivyo, yako mambo matatu ambayo wasomi hawa hawawezi kuyakwepa.

La kwanza linahusu kitenzi. Neno moja la Kiingereza linalotumiwa katika taarifa hizi linaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili kama kuchochea, kusisimua, kuchangamsha, kutekenya au hata kuamsha. Haya si maneno yanayobadilishana nafasi kiholela. Umeme huchochea neva, ngozi husisimka, ubongo huchangamka au huamka. Makini haichochewi, bali hujengeka. Mtafsiri anayeandika kwamba kifaa kinachochea makini ametoa ahadi ambayo utafiti haukuitoa. Akiandika kwamba kifaa huchochea neva na kubadilisha mawimbi ya ubongo, na kwamba haijathibitika kuwa huleta makini, ameutendea haki ukweli kwa maneno machache tu zaidi.

La pili linahusu nomino mshipa. Katika mazungumzo ya kila siku, mshipa unaweza kuwa njia ya damu, kano ya msuli, neva, na hata maradhi ya ngiri. Kuna pia istilahi mshipa wa fahamu, ambayo ina uzuri wake kwa kuwa inaihusisha neva na utambuzi. Hata hivyo, bibi anayeambiwa hospitalini kwamba mshipa wa uso wa mjukuu wake utatiwa umeme ana haki ya kuogopa kwamba damu itaganda. Neno neva limekwisha kuingia katika vitabu vya shule na ni bayana. Litumiwe, na pale msikilizaji asipolijua aelezwe kwamba ni uzi unaopeleka habari baina ya kiungo na ubongo.

La tatu, na ndilo zito zaidi, linahusu jina la mtoto mwenyewe. Kiswahili kina maneno mengi ya kumlaumu: mtundu, mtukutu, mkaidi, mzembe, kichwa maji. Hakina jina moja lililokubalika na wengi la hali ya kitiba inayomsibu. Ombwe hili si la kamusi tu. Jambo lisilo na jina la haki huitwa kwa jina la matusi, na mtoto aliyeitwa mzembe kwa miaka minane huja kuliamini jina hilo. Pendekezo linalofaa kujadiliwa ni kuiita hali ya ukosefu wa makini, na kuongeza maneno na mhangaiko pale ambapo mtoto pia hatulii kimwili. Yamkini wataalamu watapata jina bora kuliko hili. Jambo la msingi ni kwamba jina lolote litakaloteuliwa lianze na hali wala si tabia, kwa sababu tabia hulaumiwa ilhali hali hushughulikiwa.

Hitimisho

Neva za uso ni mlango wa kweli wa kuuingia ubongo. Paka wa mwaka wa 1935, machozi ya mpishi na maji baridi ya mwanafunzi anayekesha vyote vinalishuhudia hilo. Lakini mlango si nyumba. Uso ukichochewa, ubongo huamka, na huko kuamka ni mwanzo tu wa kazi ambayo mafunzo, mazingira, malezi na pengine dawa huikamilisha polepole. Anayetaka kuwauzia wazazi makini katika kifaa cha kubandikwa kipajini aulizwe swali moja ambalo Kiswahili kimekwisha kulitayarisha: Je, hiki kinamfanya mtoto awe macho, au kinamfanya awe makini? Jibu likiwa ni la kwanza tu, basi mzazi na abaki na fedha zake, mwalimu na aushushe mkono wake, na mtoto apewe muda wa kutua.